Uso wako mbele ya ndege: neti, leso kuukuu, na mabaka ambayo usiyavae

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kisauni, na mwaka huu nimejaaliwa kupata kamera nzuri ya mkono wa pili. Kila nikienda Mtwapa au Tudor kupiga picha ndege wa mikokoni, wanaruka nikiwa bado mbali. Shemeji yangu anaishi Marekani na huwinda bata mzinga. Ameniambia kinachoniponza ni uso wangu, na ameahidi kuniletea barakoa ya mabaka wanayovaa wawindaji. Mama amekataa, anasema nitakamatwa. Je, niipokee, nishone yangu mwenyewe, au nijipake tu masizi? Na nikishakuwa nayo, naweza kuitumia kuwindia kwale na kanga shambani kwa babu, kule Kinango?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako amesema kweli, na nitaanza na lake kabla sijafika kwenye sindano na uzi.

Sheria za Kenya zinamkataza raia kuvaa sare za majeshi, au nguo inayofanana nazo, bila idhini. Polisi aliye kwenye kizuizi cha barabarani hatakaa chini akapambanua mabaka ya duka la wawindaji wa Marekani na mabaka ya kambini. Ataona kijana mwenye begi refu, ndani mna vyuma vya miguu mitatu ya kamera, na juu yake kitambaa cha mabaka chenye matundu ya macho. Hapo maelezo yako kuhusu vitwitwi, hao ndege wadogo wa mikokoni, hayatasikilizwa upesi. Mwambie shemeji yako ahsante, zawadi hiyo abaki nayo huko inakotumika. Kama ana nafasi kwenye mzigo wake, akuletee kofia ya pama ya rangi ya udongo, isiyo na mabaka yoyote.

Kuhusu kwale na kanga wa Kinango, jibu ni fupi: usiwinde. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina faini na vifungo vinavyoweza kumaliza ujana wa mtu. Sikulaumu kwa kuuliza, maana wazee wetu wengi wamekula kanga wa mwituni. Ila ujuzi wa wawindaji haukupigwa marufuku, na huo ndio nitakaokupa. Hapa Pwani tuna Wawaata, ambao wengine huwaita Wasanye. Wazee wao walimsogelea tembo kwa miguu mpaka hatua chache, na silaha yao ilikuwa upinde mzito na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Mtu aliyefika karibu na tembo kiasi hicho alijua upepo, alijua subira, na aliujua mwili wake. Mpiga picha anahitaji hayohayo, mpaka pale kidole kinapobonyeza.

Kabla hatujashona chochote, nikupe kisa changu, kwa sababu kinahusu usalama wako kuliko picha zako.

Miaka ya mwanzo nilipoanza kazi ya kuwaongoza watazamaji wa ndege, niliketi mikokoni upande wa Tudor tangu alfajiri, uso nimeufunga kitambaa cha kijani. Maji yalipokupwa nikatoka. Kitambaa bado kilikuwa usoni, maana nilishakizoea hata sikihisi. Kina mama watatu walikuwa wameinama wakitoa chaza kwenye mizizi. Wa kwanza kuinua kichwa aliona mtu asiye na uso akitoka kwenye miti. Ndoo ilimponyoka, ukelele ukapanda, na muda si muda vijana wakaja na mapanga. Nilipona kwa kuwa mmoja wao aliijua sauti yangu. Lakini yule mama alikuwa amekaa chini kwenye tope, mikono inatetemeka, hawezi kusimama, na chaza zake zote zimetawanyika. Nilizikusanya moja moja huku nikimwomba radhi, na jioni nikaenda kwao kumwomba tena mbele ya mumewe.

Tangu siku hiyo kitambaa hakifiki usoni mpaka nimeketi, na kinatoka kabla sijasimama. Na kabla ya kuingia mikokoni napita kwa wenyeji: wavuvi wa diko la hapo, yaani pale vyombo vinapotia nanga, kikundi kinachotunza mikoko, askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikiwa ni hifadhi. Nawaonyesha neti yenyewe waione kwa macho yao, na nawaambia nitakuwa upande gani na nitatoka saa ngapi. Hilo halichukui robo saa. Usilipuuze hata siku moja, hasa katika pwani hii yetu ambayo watu wake wameshaona mengi na wana sababu ya kumwogopa mtu aliyejifunika uso kichakani.

Sasa tuje kwa ndege. Shemeji yako amepatia nusu. Uso unaonekana, ndiyo, lakini huonekana zaidi kwa kusogea kuliko kwa rangi. Macho ya kitwitwi yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote bila kugeuka. Ukigeuza shingo ghafla kuufuata mwendo wake, hakuna kitambaa kitakachokuokoa. Nimewaona wageni waliovaa vifaa vya bei kubwa wakifukuza kundi zima kwa sababu ya mbu mmoja aliyetua sikioni. Nimemwona pia mvuvi mzee wa Mida, mkono wa bahari wa kule Watamu, shati lake jekundu, ameketi kwenye ngalawa iliyokwama anashona wavu wa jarife, na vitwitwi wanachokoa tope hatua kumi kutoka miguuni pake. Mikono yake ilikwenda kwa mwendo uleule mmoja, na ndege walikuwa wameshauzoea.

Baada ya mwendo ni mng'ao. Hapa kuna dhana ninayoisikia kila mara: kwamba sisi weusi hatuhitaji kufunika uso, ngozi yetu yatosha. Si kweli. Ngozi yoyote hutoa mafuta, na kwa joto letu hili na unyevu huu, paji la uso, pua na mifupa ya mashavu hung'aa kama sahani iliyopakwa siagi. Jua la saa moja asubuhi linapokupiga ubavuni, mng'ao huo unaonekana kutoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Miongozo ya kijeshi inalisema hilo waziwazi: hata askari mwenye ngozi nyeusi kabisa hupaka uso. Viganja ndivyo vibaya zaidi, maana ni vyeupe na vinapunga hewani kila unapogusa lenzi.

Kisha rangi. Mnyama kama paa au kulungu ana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi machoni, wekundu hauoni vizuri. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yanawalazimisha wawindaji wa bunduki kuvaa rangi ya chungwa kali: mwenzake anamwona kutoka mbali asije akamfyatulia risasi kwa bahati mbaya, ilhali kwa mnyama rangi ile imefifia. Ndege ni habari nyingine. Ana aina nne za chembe hizo sisi tukiwa na tatu, na wengi wao huona hata mwanga wa urujuanimno ambao jicho la binadamu haliupati. Kwa hiyo anayewinda bata mzinga hujifunika mpaka macho, na huambiwa asivae chochote chekundu, cheupe wala cha samawati, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine akiiona rangi hiyo kichakani anaweza kulenga. Barakoa ya shemeji yako imezaliwa katika mazingira hayo, na huko inamfaa.

Huku haitakufaa hata kama sheria ingeruhusu. Machapa mashuhuri ya wawindaji wa Marekani, kama Realtree na Mossy Oak, yalianza mwaka 1986, na yanaiga magamba na majani ya miti ya misitu ya huko. Yapeleke mbele ya mkoko uone. Mizizi ya mkoko ni ya kijivu chenye hudhurungi, imejipinda kama miguu ya buibui, na kati ya mzizi na mzizi kuna mwanga mwingi unaotoka kwenye maji. Gome la mchu, mmojawapo wa mikoko, limepauka hadi kukaribia rangi ya jivu. Ukiketi kwenye miamba ya matumbawe, rangi ni kijivu na nyeusi yenye vitobo vyeupe. Ukienda msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa miti ya mirihi, chini ni mchanga mweupe. Chapa la majani ya kahawia lenye vijitawi vidogovidogo, kwa umbali wa hatua thelathini, huchanganyika likawa doa moja jeusi lenye umbo la kichwa cha mtu. Hicho ndicho kitu tulichotaka kukiepuka.

Kinachotakiwa ni kuvunja umbo. Mtazame kitwitwi mwenyewe unayemfuata: mgongo wa kijivu cha giza, tumbo jeupe. Mchoraji mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, alieleza mwaka 1896 kwa nini wanyama wengi wako hivyo. Jua hupiga mgongo ukang'aa, na tumbo hubaki kivulini. Rangi ya giza juu na nyeupe chini husawazisha mwanga na kivuli, mwili ukapoteza unene wake machoni. Uso wako ufanyie hivyo. Palipotokeza, yaani paji, pua, mashavu na kidevu, patiwe giza. Palipobonyea, kama mashimo ya macho na chini ya mdomo, paachwe peupe kidogo. Na mabaka yawe makubwa, mapana kama vidole vitatu, yakikata mstari wa shavu na wa taya badala ya kuufuata.

Masizi uliyoyauliza yanaweza kufanya kazi hiyo, ila mimi siyapendi Mombasa. Ukiyachanganya na mafuta ya nazi, umeurudisha mng'ao ulioukimbia. Ukiyapaka makavu, jasho linayashusha machoni kabla ya saa mbili asubuhi. Halafu kuna kurudi mjini kwenye matatu na uso wa namna hiyo. Kama siku moja huna njia nyingine, paka makavu kwenye pua na paji tu, ubebe maji na sabuni ya kunawa.

Neti ndiyo ninayokushauri. Kitambaa kizima kinachobana mdomo na pua hakifai hali yetu ya hewa. Baada ya nusu saa kimelowa, unapumua mvuke wako mwenyewe, na kioo cha kamera kimefunga ukungu. Neti inayoning'inia kutoka ukingo wa kofia haigusi ngozi, inapitisha upepo, na mbu wanabaki nje.

Usikate chandarua cha kulalia, tafadhali. Vile vinavyogawiwa zahanati vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa ile ikikaa karibu na macho na midomo kwa saa nyingi huwasha na kuchoma. Isitoshe, mtu fulani nyumbani kwenu atakosa pa kulala. Nenda Biashara Street, kwenye maduka yanayouza vitambaa, uombe neti nyepesi ya shela, na uchukue nyeusi. Watakuonyesha kijani kwanza ukiwaambia ni ya msituni. Kataa.

Sababu ya nyeusi nilijifunza kwa gharama. Neti yangu ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi, nzuri sana mkononi, na fundi aliishona kwa ustadi. Jua lilipotoka sikuona kitu. Kila uzi ulidaka mwanga, mbele yangu pakawa na ukungu wa kijani, na asubuhi nzima nilipiga picha za kubahatisha. Nyumbani marehemu dada yangu alinisikiliza, akavua ninja yake akanishikisha ile pazia nyembamba ya macho. Akaniambia niiweke usoni nitazame nje barabarani. Niliona kila kitu, hata namba za magari. Nikamgeuzia yeye, nikiwa nimesimama nje na yeye ndani ameivaa, nikaona weusi mtupu. Uzi mweusi haurudishi mwanga kwenye jicho lililo nyuma yake. Mabibi zetu wamelijua hilo miaka mingi, na mimi nilikuwa nikilitafuta kwenye majarida ya wazungu. Neno lenyewe barakoa nalo ni letu tangu kale, kabla ya korona: mabibi wa Unguja wa karne ya 19 walivaa barakoa zenye nakshi.

Basi neti iwe nyeusi, na rangi nyingine zote ziwe upande wa nje peke yake. Itandaze kwenye karatasi ya gazeti. Chukua kipande cha sponji, rangi ya kuta isiyong'aa, ya kijivu na ya udongo, uizimue kidogo, kisha ugusegusie mabaka makubwa upande mmoja. Usipake kama unavyopaka ukuta, matundu yataziba. Penye macho acha ukanda wa upana wa kiganja bila rangi yoyote.

Kipimo: kofia ya pama yenye ukingo wa kawaida huzungukwa na neti ya urefu wa sentimita 110 hivi, mpe fundi sentimita 130 apate mikunjo. Kwenda chini, kutoka ukingoni hadi kifuani, sentimita 50 zinatosha. Upindo wa juu utiwe lastiki, ili neti ivutwe juu ya kofia na kutolewa kwa mkono mmoja. Hilo la mkono mmoja lisisitize kwa fundi, kwa sababu ya kile kisa cha Tudor. Mbele, sehemu ya jicho unalotumia kwenye kamera, akate mwanya wa sentimita 12 na aupinde kingo zake usifumuke. Neti ikiwa katikati ya jicho na kamera, utakosa umakini wa picha na utaanza kuinua mkono kila mara.

Leso kuukuu ndiyo inayokamilisha kazi. Wawindaji wa Scotland walikuwa na vazi la matambara yanayoning'inia, linaloitwa ghillie. Kikosi cha Lovat Scouts, kilichoundwa mwaka 1900 kwa ajili ya vita vya Makaburu, ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza kulivaa jeshini. Matambara hayo hutikisika na upepo pamoja na majani, na hayana kingo zilizonyooka. Sisi hatuhitaji vazi zima. Kata vipande vya leso vya upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja, vingine vifupi, vivute kingo zichanike nyuzi, kisha uvishone kwenye neti bila mpango: vingi penye masikio, taya na mabega, vichache mbele. Kichwa cha mtu hutambulika kwa duara lake kukaa juu ya mstari wa mabega. Ukishalivunja duara hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Leso ina rangi kali na maandishi, najua. Itie rangi mwenyewe. Chukua iliyofuliwa miaka mingi, maana mpya ina wanga na inang'aa, na yenye rangi iliyopauka. Chemsha konzi mbili kubwa za majani ya chai katika lita tatu za maji kwa nusu saa, uchuje, uloweke vitambaa usiku kucha. Vitatoka na rangi ya hudhurungi, kama maji ya mtoni wakati wa masika. Kando yake, wiki moja au mbili kabla, uwe umetia misumari yenye kutu kwenye chupa pana ya siki na maji. Maji hayo yakishakuwa ya rangi ya kutu, chovya baadhi ya vitambaa vilivyotoka kwenye chai. Mbele ya macho yako hudhurungi inageuka kijivu, kisha inakaribia weusi, kama tope la mikokoni. Ni ukali ulio ndani ya chai unaoshikana na chuma. Ukali huohuo umo kwenye magome ya mkoko na mkandaa, ila mikoko yetu inalindwa, usiguse hata gamba moja, chai inatosha. Funga kamba sehemu nyingine kabla ya kuchovya, kama wafanyavyo mafundi wa batiki, upate mabaka yasiyo na mpaka. Dakika tano zatosha, kisha suuza sana, kwa sababu kutu ikibaki hula pamba, kitambaa kitaraka baada ya miezi michache. Tumia sufuria mbovu isiyorudi jikoni.

Mikono ni rahisi: soksi ndefu za kahawia kutoka kwenye mitumba ya Kongowea, uzikate ncha vidole vitoke. Saa ya mkononi ivue. Miwani, kama unavaa, ikae ndani ya neti.

Ukimaliza, usijiamini mbele ya kioo. Keti kichakani mahali utakapotumia kweli, mwambie rafiki akupige picha kwa simu kutoka hatua thelathini, kisha aigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka utaona wepesi na giza peke yake. Uso ukijitokeza kama doa, ama jeupe ama jeusi kuliko vilivyo jirani nao, ongeza au punguza hapo. Neti yangu ya Mtwapa nilirudia mara nne.

Kwenye kufua wengi huharibu kila kitu. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kufanya nguo nyeupe ziwake zaidi. Hizo huchukua mwanga wa urujuanimno na kuutoa kama samawati, na ndege anayeuona mwanga huo ataiona neti yako tofauti na majani yaliyo nyuma yako. Tumia sabuni ya kipande, maji mengi, uanike kivulini. Shati lako pia ulifue hivyohivyo. Usitie manukato wala udi siku hiyo; kwa ndege halina uzito mkubwa, lakini ukimvizia paa hata neti nzuri namna gani haitasaidia upepo ukiwa unatoka kwako kwenda kwake.

Na sasa wakati. Vitwitwi na sululu unaowataka wengi wao si wenyeji. Hufika hapa kuanzia Agosti na Septemba, hukaa kaskazi yote, na mwezi wa Aprili huondoka kurudi Ulaya ya kaskazini na Urusi. Kuna kitwitwi mwenye mdomo uliopinda anayezaliana Siberia. Huyo unamwona Mida akila kwa pupa mwezi Machi, kwa sababu nguvu ya safari yake imo katika mafuta anayoyaweka mwilini siku zile. Kila anaporuka kwa ajili yako, anachoma sehemu ya akiba hiyo. Ndiyo sababu ninakuandikia marefu namna hii kuhusu kipande cha neti. Mimi nataka akuone kama gogo, aendelee kula.

Kwa hiyo usiwafuate. Wangoje. Tazama jedwali la maji uchague bamvua, siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, ambapo maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakijaa hufunika tope lote, na ndege hulazimika kujikusanya kwenye kipande kidogo kilichobaki kikavu. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, hayafanyi hivyo, ndege hubaki wametawanyika na utarudi mikono mitupu. Kipande hicho wenyeji wanakijua, waulize wavuvi. Fika muda wa saa tatu nzima kabla ya maji kujaa, ndege wakiwa bado mbali kwenye tope, jua likiwa mgongoni mwako. Hakikisha una njia ya kutoka ambayo maji hayataifunga. Keti chini kabisa, mgongo kwenye shina, kamera tayari juu ya miguu yake mitatu na lenzi ikitazama pale watakapotua, ili usilazimike kuigeuza. Maji ya kunywa yawe mkono wa kushoto, karibu. Kisha ndipo uvute neti.

Watakuja kidogokidogo, kwanza wachache, kisha kundi. Usipige ya kwanza inayojitokeza, sauti ya kamera itawashtua wakiwa bado hawajaamua kukaa. Ngoja mpaka umwone sululu mmoja amesimama kwa mguu mmoja, amerudisha ule mdomo mrefu chini ya manyoya ya mgongo na kufumba jicho. Hapo sogeza kidole.